Tutenge Jikoni: Masalio ya Chakula Yaende Komposti, Chupa na Makopo Yabaki Safi

Somo kwa jamaa zote, kwa vikundi vya mama na kwa vijana



Katika somo hili tunataka kuongea juu ya jambo ambalo wengi wanaliona kuwa dogo, lakini kila siku linaingia na kutoka katika nyumba zetu. Ni maganda ya ndizi na ya mihogo, mabaki ya bugali, vijiti vya sombe, maganda ya maharagi; tena ni chupa za maji, makopo ya nyanya na ya maziwa, makartoni na mifuko. Asubuhi mama anafagia, mtoto anapewa mfuko mmoja uliojaa vyote pamoja, anatumwa kwenda kuutupa. Anautupa wapi? Kila mmoja wetu anajua jibu: katika mfereji, bondeni, kando ya mto, au usiku mbele ya parseli ya mwingine.

Neno tunalotaka mlishike ni hili: vitu hivyo havikuwa takataka vilipokuwa kila kimoja peke yake. Ganda la ndizi peke yake ni chakula cha udongo. Chupa safi peke yake ni kitu chenye mnunuzi. Vinakuwa takataka siku ile tunapovichanganya. Na vikisha kuchanganywa, hakuna mtu wala mashini inayoweza kuvitenganisha vizuri bila feza nyingi na kazi nyingi. Kwa hiyo kazi ya kutenga inafanyika jikoni, mkononi mwa yule anayemenya ndizi. Mahali pengine popote ni kuchelewa.

Tutaangalia kwanza mzigo wa mji wetu, kisha namna masalio ya chakula yanavyoharibu vitu vingine, kisha namna ya kufanya komposti pamoja na majirani, na mwisho masharti ya kundi.

1. MZIGO WA MJI WETU

Bukavu ni mji wa milima. Katika Ibanda, Kadutu na Bagira nyumba zimepanda juu ya miteremko, moja juu ya kichwa cha nyingine. Mvua ikinyesha, maji yanatafuta njia ya kushuka. Yakikuta mfereji umezibwa na mifuko na maganda, yanaacha mfereji na kupita katika udongo. Udongo ukisha kushiba maji unateremka, na nyumba zinateremka pamoja nao. Hatusemi kwamba kila mmomonyoko unatoka kwa takataka, kwa maana kuna ukataji wa miti na ujenzi mahali pasipofaa. Lakini mfereji uliozibwa unaongeza hatari, na mfereji huo tumeuziba sisi wenyewe.

Kile ambacho hakibaki mlimani kinafika ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, nao ni mto Ruzizi, unaoanza hapa Bukavu na kushuka mpaka ziwa Tanganyika. Juu ya mto huo kuna bwawa la umeme la Ruzizi ya I, lililojengwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya II iliyoanza kazi mwaka 1989. Chupa na mifuko inayoelea inafuata maji mpaka kwenye mabwawa hayo, inaziba mahali ambapo maji yanaingia katika mashini, na watu wanalazimika kuitoa. Mashini ikisimamishwa, umeme unapungua. Ndiyo kusema chupa tuliyoitupa mtaroni inaweza kurudi kwetu kwa namna ya giza.

Tena kuna magonjwa. Maganda na bugali vinavyooza wazi vinaita nzi na panya. Nzi anatoka juu ya uchafu, anakuja juu ya sahani ya mtoto. Sisi watu wa Kivu tunajua kipindupindu, hatuhitaji kufundishwa jina lake.

Je, sehemu gani ya takataka zetu ni masalio ya chakula na vitu vinavyooza? Shirika la Umoja wa Mataifa linaloshughulikia mazingira, katika kitabu chake cha mwaka 2018 juu ya takataka za Afrika, lilihesabu kwamba katika miji iliyo chini ya jangwa la Sahara vitu vinavyooza ni karibu 57 kwa mia. Plastiki ni karibu 13 kwa mia. Angalieni vizuri hesabu hiyo. Tukiondoa vitu vinavyooza peke yake, zaidi ya nusu ya mzigo imekwisha kutoka, na ile nusu nyingine inabaki kavu, nyepesi, isiyo na harufu, inayoweza kuchaguliwa kwa mkono.

Wengine wanauliza: wazee wetu walikuwa wanatupa nyuma ya nyumba, mbona hawakuwa na shida hii? Swali ni zuri. Katika Bushi na katika vijiji vingine vingi vya Maziwa Makubwa, shamba la migomba lilizunguka nyumba. Maganda, majivu, majani na mavi ya mbuzi vilitupwa kwenye mashina ya migomba, na migomba ilikuwa mizito kwa sababu hiyo. Wazee hawakutupa ovyo, walikuwa wanalisha shamba. Lakini kila kitu walichotupa kilikuwa kinaoza. Sisi tulibaki na desturi ya kutupa nyuma ya nyumba, lakini migomba haipo tena, na ndani ya mfuko tumetia plastiki isiyooza. Mkono ni uleule, mzigo umebadilika.

Serikali yetu nayo imesema neno. Amri ya tarehe 30 Desemba 2017 ilikataza kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia mifuko ya plastiki. Amri ni njema, lakini haifagii parseli ya mtu. Hiyo inabaki kazi yetu.

2. NAMNA MASALIO YANAVYOHARIBU VITU VYA KUTUMIWA TENA

Katika miji ya inchi yetu kuna vijana na mama wanaoishi kwa kuokota na kununua vitu vilivyotumiwa. Chupa za plastiki zinauzwa, plastiki nyingine inayeyushwa pamoja na mchanga kutengeneza mawe ya kutandaza, mingine inasukwa vikapu. Aluminiamu inayeyushwa kuwa sufuria. Makopo yanakuwa koroboi na mbabula. Kazi hii inalisha watoto. Lakini angalieni kitu kinachotokea wakati chakula kinapoingia humo.

Kartoni na kartasi. Kartasi inatengenezwa upya kwa kulowekwa majini mpaka iwe kama uji. Mafuta hayachanganyiki na maji. Kartoni iliyopakwa mafuta ya mawese au mchuzi inabaki na doa lake mpaka ndani ya uji ule, na kartasi inayotoka inakuwa zaifu. Tena kartasi ikilowa maji ya masalio inaanza kuoza yenyewe. Kartoni moja yenye mafuta inatosha kuchafua zingine zilizo karibu nayo.

Chupa za plastiki. Maji yakibaki kidogo si kitu. Lakini maziwa, uji au mchuzi ukibaki ndani, unaoza, unanuka, unaota ukungu. Mnunuzi inampasa kuosha, na kuosha kunaomba maji, sabuni na mikono. Feza hiyo anaitoa wapi? Anaipunguza katika bei ya yule aliyemletea.

Makopo na aluminiamu. Moto wa kuyeyusha unachoma chakula, hiyo ni kweli, lakini kabla ya kufika motoni kopo limekaa siku nyingi katika gunia, na limevuta panya na nzi. Na gunia lililojaa maganda linakuwa zito kwa uongo. Mnunuzi anayepima kwa kilo anajua kwamba sehemu ya uzito ni bugali, kwa hiyo anateremsha bei ya gunia lote.

Tumeona jambo hili kwa macho yetu katika kartie moja. Mama na vijana walikusanya chupa majuma mengi, wakajaza magunia, wakayabeba mpaka kwa mnunuzi. Akafungua gunia la kwanza, akakuta maganda ya mihogo yaliyooza na maji meusi chini. Hakufungua la pili. Walirudi na magunia yao kichwani. Chupa zilikuwa nyingi, kazi ilikuwa ya kweli, lakini nyumba mbili au tatu zilizotia masalio ndani ya gunia la wote ziliwapotezea wote. Wale walioumia hawakuwa matajiri. Walikuwa mama waliotegemea feza ile kununua madaftari ya watoto.

Tufikiri tena juu ya mkono wa yule anayechagua. Mara nyingi ni kijana, hana mifuko ya mikono. Akitia mkono katika gunia kavu, anaona kipande cha chupa kilichovunjika. Akitia mkono katika gunia lenye masalio yaliyooza, haoni. Anajikata, na kidonda kimeingia uchafu siku ileile. Kutenga masalio jikoni ni kumhurumia mtu ambaye hatutakutana naye.

3. INCHI ZINGINE ZIMEFANYA NINI

Tusifikiri kwamba jambo hili ni la maskini tu. Korea Kusini ilikataza kuzika masalio ya chakula katika majalala tangu mwaka 2005, na tangu mwaka 2013 watu wanalipa kufuatana na wingi wa masalio wanayotoa. Leo karibu masalio yote ya chakula katika inchi ile yanageuzwa kuwa mbolea, chakula cha mifugo au gesi. Katika Ufaransa, tangu tarehe 1 Januari 2024 sheria inaomba kila jamaa iwe na njia ya kutenga masalio ya chakula na takataka zingine.

Kwa nini inchi zenye mashini kubwa zinaomba mama wa nyumba atenge kwa mkono wake? Kwa sababu zimegundua kwamba hakuna mashini inayotenga vizuri kama yule aliyeshika ganda kabla halijaanguka. Sisi hatuna mashini, lakini mkono tunao.

Kuna sababu nyingine. Masalio yakizikwa katika lundo kubwa lisilo na hewa, yanatoa gesi ya metani. Sisi tunaijua gesi hiyo, kwa maana iko nyingi chini ya maji ya ziwa Kivu, na Rwanda inaitumia kutengeneza umeme. Metani inayotoka jalalani inapanda angani bila faida na kuongeza joto la dunia. Katika komposti iliyofanywa vizuri hewa inaingia, na gesi hiyo inatoka kidogo sana.

4. KOMPOSTI NI NINI, NA INAFANYIKA NAMNA GANI?

Komposti ni mbolea inayotoka katika vitu vilivyooza kwa utaratibu, pamoja na hewa na maji ya kadiri. Vidudu vidogo visivyoonekana kwa macho vinakula maganda na majani, vinatoa joto, na vinaacha udongo mweusi wenye harufu ya msitu baada ya mvua. Ikiwa lundo linanuka vibaya, basi si komposti, ni uozo. Tofauti yake ni hewa.

Vidudu hivyo vinaomba vitu vinne.

Cha kwanza ni chakula kibichi: maganda ya ndizi, viazi, mihogo, nanasi na avoka, majani ya mboga, vijiti vya sombe, mabaki ya majani ya chai na ya kahawa, majani mabichi, mavi ya mbuzi, ya sungura na ya kuku. Hivi vina azoti nyingi.

Cha pili ni chakula kikavu: majani makavu ya migomba, majani ya miti, nyasi kavu, mabua ya mahindi yaliyokatwa vipande, vumbi la mbao lisilo na rangi, hata kartoni iliyopasuliwa isiyo na plastiki. Hivi vina kaboni. Kipimo kizuri ni ndoo 2 au 3 za vikavu kwa ndoo 1 ya vibichi. Hapa ndipo vikundi vingi vinaanguka: wanaleta maganda matupu, lundo linakuwa tope, linanuka, majirani wanalalamika na kazi inakufa. Kwa hiyo tukusanye vikavu kabla ya kuanza, na tuviweke mahali pasipo na mvua.

Cha tatu ni maji. Kamata kiganja cha lundo na ukikamue. Likiwa kama kitambaa kilichokamuliwa, ni vema. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Likiwa kama vumbi, nyunyiza maji. Katika majira yetu ya mvua ni lazima kufunika lundo kwa majani ya migomba au bati kuukuu.

Cha nne ni hewa. Ndiyo sababu tunageuza.

Sasa tufuate hatua zenyewe.

a) Chagueni mahali pa sawa, penye kivuli, mbali na kisima na chemchemi. Kwenye mteremko msiweke lundo ukingoni mwa bonde wala juu ya mfereji. Lundo lililoshiba maji ni zito, na mteremko hauombi mzigo mpya. Chimbeni kijifereji juu yake kusudi maji ya mvua yapite pembeni.

b) Tandikeni chini vijiti na mabua kusudi hewa iingie kutoka chini.

c) Wekeni tabaka la vikavu la urefu wa kiganja, kisha tabaka jembamba la masalio, kisha vikavu tena. Kila mara masalio yakiletwa yafunikwe siku ileile. Nzi hawezi kutaga mahali asipofika.

d) Nyunyizieni udongo kidogo wa shamba au komposti ya zamani, kwa maana ndani yake muna vidudu vya kuanzisha kazi. Majivu ya jikoni yaliyopoa yanaweza kutiwa, lakini kiganja tu kwa kila tabaka. Yakiwa mengi yanafukuza azoti.

e) Jengeni lundo mpaka lifike metre 1 ya urefu, metre 1 ya upana na metre 1 ya kwenda juu. Likiwa dogo zaidi halishiki joto.

f) Pimeni joto. Chomekeni kijiti katikati, mkiache dakika chache, mkivute. Kikiwa na moto hata mkono hauvumilii, kazi inaendelea vizuri. Ndani ya lundo zuri joto linafika digrii 55 mpaka 65. Joto hilo likikaa siku nyingi linaua mbegu za magugu na vidudu vingi vya magonjwa.

g) Geuzeni mara moja kwa juma katika mwezi wa kwanza, kisha mara moja kila majuma mawili. Kilichokuwa pembeni kiingie katikati.

h) Baada ya miezi 3 mpaka 6 komposti imeiva. Alama zake: ni nyeusi, haina moto tena, hamtambui ganda wala jani, harufu yake ni ya udongo. Mkiwa na mashaka, pandeni mbegu chache za lengalenga katika kopo lenye komposti. Zikiota vizuri, tumieni. Zikifa, ngojeni.

Vitu gani visiingie? Plastiki ya kila namna, chupa, vyuma, mawe ya redio na ya toshi, madawa, nepi za watoto, mavi ya watu, ya mbwa na ya paka. Nyama, mifupa na mafuta vinaita panya na mbwa, ni afadhali kuviacha nje mpaka kundi lizoee kazi. Tena tuwe waangalifu na migomba yenye ugonjwa wa kunyauka, ule unaofanya ndizi kuiva kabla ya wakati na kutoa usaha wa manjano. Ugonjwa huo umeharibu mashamba mengi katika Kivu tangu miaka ya 2000. Vipande vya mgomba mgonjwa visiletwe katika lundo la wote, na panga lililomkata lisafishwe kwa moto.

5. MASHARTI YA KUNDI

Kwa nini kufanya pamoja? Kwa sababu parseli zetu ni ndogo, na nyumba moja haipati masalio ya kutosha kujaza metre 1 kwa haraka. Tuhesabu kwa mfano. Nyumba moja ikitoa kilo 2 za masalio kwa siku, nyumba kumi zinatoa kilo 20, na kwa mwezi kilo 600. Zikisha kuoza zinashuka chini ya nusu, lakini hata hivyo ni magunia kadhaa ya mbolea ambayo hakuna mtu aliyeyanunua, na kilo 600 ambazo hazikuingia mferejini. Kila kundi lipime lenyewe, lisitegemee mfano wetu.

Nyumba kumi ni kipimo kizuri. Watu wanajuana, na yule anayekosa anaonekana. Lakini tumeona makundi yakivunjika, na mara nyingi hayavunjwi na kazi, yanavunjwa na ugomvi. Kwa hiyo kabla ya ganda la kwanza, kaeni chini mkubaliane juu ya mambo haya.

Vyombo viwili katika kila nyumba. Ndoo moja yenye kifuniko kwa masalio, na gunia moja kwa chupa na makopo. Ndoo isitiwe mfuko wa plastiki ndani. Chupa na kopo vimwagwe, visuuzwe kwa maji yaliyokwisha kuosha vyombo, vikaushwe, ndipo viingie katika gunia. Si lazima maji safi, tunajua bei ya bidoni moja.

Siku na saa. Masalio yaletwe kila siku au kila siku mbili, saa inayojulikana. Ndoo isimwagwe na mtoto peke yake bila mtu wa kuangalia.

Mlinzi wa lundo. Mtu mmoja achaguliwe kwa mwezi mmoja, kisha mwingine. Yeye anaangalia kile kinacholetwa. Akikuta plastiki ndani ya ndoo, anamrudishia mwenyewe kwa upole, mbele yake, na anamwonyesha. Asiseme jina lake mbele ya wote mara ya kwanza.

Zamu ya kugeuza. Baba na vijana waume wasiwaachie mama kazi hii. Mama amekwisha kutenga, baba ashike jembe.

Kugawanya. Hapa ndipo ugomvi mkubwa unapolala. Mwenye parseli anasema: udongo ni wangu. Yule aliyegeuza anasema: jasho ni langu. Yule aliyeleta maganda mengi anasema: maganda ni yangu. Andikeni tangu mwanzo. Njia moja nyepesi ni kupima kwa ndoo: kila nyumba sehemu moja sawa, mwenye parseli anaongezewa sehemu moja, na wale waliogeuza wanaongezewa sehemu moja ya kugawanya kati yao. Nyumba isiyo na shamba inaweza kuuza sehemu yake au kuitumia katika magunia ya kupandia mboga mlangoni.

Feza ya chupa na makopo iandikwe pia katika daftari, na watu wawili washike daftari, si mmoja.

Siku za sikukuu, wakati mama wanapopika kwa watu wengi, ndoo ziwe tayari kabla ya moto kuwaka. Siku moja ya sikukuu inaweza kutoa masalio ya juma zima, na ni siku hiyo hasa ambapo kila kitu kinatupwa pamoja kwa sababu ya haraka.

6. MAJIBU KWA MASHAKA

“Lundo litaleta panya.” Lundo lililofunikwa, lisilo na nyama na linalogeuzwa halina mahali pa panya kulala. Mfuko wa masalio mferejini ndio unaolisha panya.

“Mimi napanga nyumba, sina shamba.” Hata mpangaji anamenya viazi. Ndoo yako iende kwa jirani anayelima, na gunia lako la chupa litabaki safi. Umekwisha kufanya sehemu yako.

“Hakuna anayenunua chupa katika kartie yetu.” Inawezekana leo hayupo. Lakini mnunuzi hafiki mahali penye chupa chafu. Chupa kavu zinaweza kungoja miezi bila kunuka, masalio hayangoji hata siku tatu.

“Mbolea ya duka inafanya kazi haraka.” Ni kweli inalisha mmea haraka, kwa yule mwenye feza. Lakini haijengi udongo. Komposti inafanya udongo ushike maji na usichukuliwe upesi na mvua, na kwa mashamba yetu ya mlimani hiyo ni faida kubwa. Anayeweza atumie vyote viwili. Asiye na feza aanze na ile inayotoka jikoni kwake.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Takataka inazaliwa pale vitu viwili vyema vinapochanganywa. Masalio yatengwe jikoni, siku ileile. Chupa na kopo vimwagwe, visuuzwe, vikaushwe. Vikavu viwe vingi kuliko vibichi. Lundo lifunikwe na ligeuzwe. Masharti yaandikwe kabla ya kuanza.

MASWALI YA KUONGEA KATIKA VIKUNDI

1. Katika nyumba yako, nani anatupa masalio, na anayatupa wapi? Je, umewahi kumfuata uone?

2. Pimeni masalio ya nyumba zenu kwa siku saba. Ni kilo ngapi?

3. Katika kartie yenu nani anaokota au kununua chupa? Muulizeni ni kitu gani kinachomfanya akatae gunia.

4. Ni nani anayeweza kutoa mahali pa lundo, na mtakubaliana naye namna gani juu ya kugawanya?

5. Ni wapi mtapata majani makavu katika majira ya mvua?

Wandugu wapendwa, hatuombi feza, wala hatungoji mradi kutoka mbali. Tunaomba ndoo moja na gunia moja katika kila nyumba, na mkono unaojua kipi kiende wapi. Anzeni na nyumba tano kama kumi hazipatikani. Kisha miezi sita, kila kundi lije na kiganja cha komposti yake tukiangalie pamoja, na lije pia na daftari la chupa. Pale palipofaulu tutajifunza, na pale palipoanguka tutasaidiana kuona ni tabaka gani lililokosa.

Mubaki salama.